Sikio la Kanali Majivu

Kopo lile lilikuwa langu, na ruhusa sikutoa. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa Kamwokya, hapa Kampala, wanapenda kuniambia, "Lakini Kavugho, si wewe na ndugu yako mlikuwa pamoja?" Pamoja wapi. Mimi napiga picha za pasipoti. Hippolyte, mdogo wangu, anachora katuni. Tunagawana chumba kimoja cha duka, mimi mbele ya pazia jeupe, yeye nyuma yake, na pazia lile halijawahi kumzuia kuchokora vitu vyangu.

Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu, Wakongo wa upande wa Beni na Butembo, wanaotaka picha nne za kupeleka kwenye ofisi za wakimbizi. Unampiga mtu, unamwambia arudi saa kumi. Wengine hawarudi. Wamepelekwa kambini, wamepata safari, wamepatwa na jambo, sijui. Mama yetu alitufundisha kwamba sura ya mtu haitupwi takatakani wala haichomwi, hata awe mtu usiyemjua, kwa hiyo picha zisizochukuliwa naziweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu. Nyuma ya kila picha naandika jina kwa penseli. Kwa miaka tisa kopo limejaa hadi mfuniko haukai.

Sasa Hippolyte hajui kuchora sura kutoka kichwani. Mikono anaiweza, moto anauweza, mabati yanayoruka na upepo anayaweza kuliko mtu yeyote Kampala, lakini sura lazima aione. Basi akawa anachukua picha kwenye kopo, anazipiga mistari ya miraba kwa kalamu, halafu anahamisha mraba kwa mraba kwenye karatasi yake. Nilipogundua nilimgombeza mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri. Hippolyte akanijibu kwa upole wake ule unaoniudhi, akiniita Yaya kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "Yaya, hawa hawarudi. Nani atakuja kuniuliza?"

Shujaa wake anaitwa Mama Makala, muuza makaa ambaye viganja vyake vinawaka moto akikasirika. (Watu wanasema ni mimi. Shauri yao.) Huko Katwe, katikati ya karakana za vyuma, yupo mchoraji mwingine, Kamis, kijana wa Kinubi, na shujaa wake ni Fundi Bati, aliyejivika mabati mwili mzima na anaruka juu ya majumba. Mwaka ule wawili hao wakapatana mashujaa wao wakutane kwenye hadithi moja ya matoleo sita, wapambane na adui mmoja. Hippolyte achore moja, Kamis moja, kwa zamu, na la sita wagawane nusu kwa nusu.

Wazo zuri. Ila hakuna aliyesoma cha mwenzake kabla ya kuchora chake. Katika namba mbili adui anaogopa maji. Katika namba tatu Hippolyte akamuua kabisa, akamfukia chini ya soko la Nakawa. Namba nne Kamis akamleta anakunywa chai Katwe, mzima wa afya, tena anatumia mkono wa kushoto. Namba tano akavuka ziwa kwa kuogelea. Mimi ndiye niliyekuwa naandika maneno, maana mwandiko wao wote wawili ni wa aibu, na kila nikiuliza mbona huyu alikufa, naambiwa, "Andika tu, namba sita itaeleza." Hakuna aliyejua namba sita itaeleza nini.

Adui huyo alikuwa Kanali Majivu. Nilimkataza Hippolyte asimwite Kanali. Nilimwambia sisi ni wageni, kibali chako cha ukimbizi kinasubiri mahojiano mwezi ujao, na swali la kwanza watakalokuuliza ni kama umewahi kuwa na kesi polisi. Akasema ni jina tu. Sura ya Kanali aliitoa kwenye kopo: mwanamume wa mashavu mapana, macho yaliyotulia, na sikio la kushoto lililokatika ncha. Alilipenda sana sikio lile. Kila ukurasa alilichora kwa uangalifu, na Kamis naye akaliiga, na ndicho kitu pekee walichopatana katika matoleo yote matano.

Jumatatu asubuhi Blandine akaingia dukani bila kubisha. Blandine anauza vocha za simu na katuni zetu kwenye meza karibu na soko, na meza yake haiachi peke yake hata mvua ikinyesha.

"Kavugho," akasema, "Kanali Majivu amenunua katuni kwangu."

Nikamwambia asiniletee utani kabla sijanywa chai. Hakucheka. Akasema ni polisi, kavaa sare, ana bunduki, na sura ni ile ile, na sikio ni lile lile. Kanunua namba moja hadi tano, kazisoma zote pale pale amesimama, ukurasa kwa ukurasa, uso haubadiliki, na watu wakawa wanasogea pembeni mmoja mmoja. Alipomaliza akauliza nyingine inatoka lini. Blandine akasema Jumamosi. Akauliza nani anachora. Blandine akasema yeye anauza tu, hajui. Polisi akazifunga katuni kwenye mfuko wa plastiki na kuziweka ndani ya koti.

"Aliponiambia asante," Blandine akasema, "ndipo nilipoogopa kabisa."

Nilishusha kopo. Nilizikuta picha zake nne, tatu safi na moja yenye miraba ya kalamu usoni kote. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Okwera. Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma. Mpaka dakika ile, Mungu anisamehe, nami nilikuwa nimeanza kuamini kwamba watu wa kwenye kopo hawapo.

Hippolyte alisoma jina lile, akakaa chini sakafuni. Mikono yake ikaanza mtetemeko wa zamani. Sisi tulitoka kwetu tukiwakimbia watu wenye sare, na tangu siku hiyo ndugu yangu akiona kofia ya polisi njiani anavuka upande wa pili, hata kama upande wa pili kuna mtaro.

"Tuzichome," akasema.

"Hazichomwi."

"Yaya, watanirudisha. Wakifungua kesi watanirudisha."

Nikamgombeza. Nikamwambia kama angenisikiliza tangu namba moja tusingekuwa hapa. Nilimgombeza kwa sauti kubwa ili asisikie hofu yangu mimi mwenyewe.

Jumanne Kamis akapiga simu kutoka Katwe. "Dada Kavugho, usinikasirikie," akaanza, nikajua tayari nina sababu ya kukasirika. Polisi alikuwa amefika karakanani kwao, akasimama katikati ya wachomeleaji mpaka wote wakazima mashine, akauliza mwenye katuni. Kamis alikuwa amesema yeye anachora mabati tu, sura ni za mtu wa Kamwokya, kwenye studio ya picha, mlango wa bluu.

"Ungemchorea na ramani," nikamwambia.

"Alikuwa na bunduki, dada. Na alikuwa ananiangalia kama Kanali Majivu."

"Ndiye Kanali Majivu, mjinga wewe." Nikamkatia simu.

Jumatano hakuja, na siku hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Kila kivuli kikipita mlangoni naacha ninachofanya. Nilimpiga mama mmoja picha akiwa amefumba macho mara tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyekosea. Nyuma ya pazia sikusikia kalamu hata kidogo. Hippolyte alikuwa na kurasa nane za kumaliza na hakuwa amechora hata moja.

Alhamisi mchana mvua ikanyesha, nikasikia buti zikikung'utwa kizingitini. Alikuwa mrefu kuliko picha yake. Sikujua nilitegemea nini, picha ya pasipoti haina miguu. Akaegemeza bunduki ukutani, taratibu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, pale pale alipokaa miaka minne iliyopita, na mimi nikabaki nimesimama na mkasi mkononi.

"Pole na kazi, mama."

"Asante, Afande. Unataka picha?"

"Picha nilishapiga hapa," akasema. "Zamani."

Mvua ikaongezeka kwenye bati. Akatoa mfuko wa plastiki, akazipanga katuni tano mezani kwangu kwa mpangilio, moja hadi tano, akazinyoosha kwa kiganja. Namba tano aliigeuza ionekane nyuma, ambako Hippolyte alikuwa amechora kwa herufi kubwa za kumwaga damu: NAMBA SITA, KANALI MAJIVU AFA.

"Mutu ya kuchora hii iko wapi?"

"Amesafiri," nikasema.

"Wapi?"

"Mbarara." Sijui kwa nini nilisema Mbarara. Sina mtu Mbarara.

Akatikisa kichwa polepole. Macho yake yakashuka hadi chini ya pazia jeupe, nami nikafuata alikoangalia. Vidole kumi vya miguu vya ndugu yangu vilikuwa vimejitokeza chini ya pazia, vyeupe kwa vumbi la chaki. Hakusema kitu juu ya vidole vile. Alirudisha macho kwangu, na nilitamani aseme.

"Mimi nakaa kwa kambi ya polisi," akasema. "Niko na mutoto moja, musichana, anaitwa Akwero. Iko na miaka nane. Mwezi wa tatu nimerudi kutoka kaskazini, nimekuta watoto ya kambi wanamwita mutoto ya Majivu. Mimi sikujua Majivu ni nani. Nikifika, watoto wanakimbia. Nimesema labda ni sare. Nimevaa shati ya nyumbani, bado wanakimbia."

Alisema haya bila kupandisha sauti. Nilikuwa nimezoea watu wanaopiga kelele, mimi mwenyewe ni mmoja wao, na utulivu wake ulinitisha kuliko bunduki iliyokuwa ukutani.

"Akwero naye aliacha kula na mimi," akaendelea. "Anachukua sahani, anakaa kwa mulango. Anaangalia mukono yangu, kama natumia ya kushoto. Nimeuliza, anasema hapana kitu. Halafu hii namba tano imetoka." Akaweka kidole juu ya yale maneno ya damu. "Sasa asubuhi nikienda kazi, anashika mukanda yangu. Anasema, baba, usiende, Jumamosi unakufa. Ananiogopa, mama, na anaogopa nitakufa. Mimi sijui nimwambie nini. Mukubwa yangu amesema nifungue faili, nikamate mutu ya kuchora. Nimemwambia angoje. Nataka kuona namba sita kwanza."

Hapo nikaelewa jinsi mambo yalivyosimama. Faili halikuwa limefunguliwa, wala halikuwa limefungwa. Lilikuwa linasubiri kurasa nane ambazo ndugu yangu hajazichora.

Afande akainuka. Akasema, si kwangu, akisema na pazia, "Huyu wa nyuma, kuja tu. Sitapiga mutu."

Kisha pazia likasogea, na Hippolyte akatoka, kalamu nyuma ya sikio, jasho likimtiririka kama aliyebebeshwa gunia. Alisimama mbele ya yule mtu huku ameangalia vifungo vya koti tu. Mwaka mzima alikuwa ameichora sura ile mara mia tatu, na sasa hakuweza kuitazama hata mara moja.

"Ni mimi," akasema. "Sikujua kama upo."

"Niko," akasema Afande Okwera.

Nililishusha kopo mwenyewe. Nilitoa zile picha nne, nikazipanga juu ya katuni. Akaziangalia tatu safi upesi. Ile ya nne, yenye miraba usoni, akaishika kwa muda mrefu, akapitisha ukucha juu ya mistari kama anayetaka kuona kama itatoka. Haikutoka.

"Hii ilikuwa ya kupanda cheo," akasema. "Usiku ile wakanituma kaskazini. Cheo akapata mutu ingine."

Hippolyte akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, akaingia Kifaransa, akarudi. Akasema leo hii hii atampa Kanali sura nyingine. Hapo ikabidi nimwambie ukweli, maana mpiga chapa alikuwa amenipigia simu saa nne: jalada limeshachapwa, kurasa nane za kwanza za Kamis zimeshachapwa, na kwenye kila ukurasa Kanali yupo na sikio lake. Hatukuwa na uwezo wa kubadilisha sura. Tulikuwa na kurasa nane za mwisho tu, na zinatakiwa Ijumaa kabla ya saa sita.

"Basi nisimuue," akasema Hippolyte. "Nitamfunga jela."

"Na huyo mtoto aamini babake yuko jela?"

"Nitamfanya atubu."

"Atubu nini? Amechoma nusu ya Kampala, umemfanya hata awamwagie wajane petroli. Nani atakubali atubu?" Hasira zikanipanda, hofu yote ya siku nne ikageuka hasira, nikapiga meza mpaka katuni zikaruka. "Si useme ukweli basi? Mara moja tu katika maisha yako andika ukweli. Sema sura si yake. Sema ameiiba kwa mtu mwema aliyekuja mahali kwa shughuli yake, akaondoka, akairudia akakuta inatembea mjini inaua watu. Sema hivyo, kwa sababu ndivyo ulivyofanya."

Nilidhani nimetuharibia kabisa, nimemtukana mtuhumiwa mbele ya polisi na kukiri kosa kwa niaba yake. Nikaweka mkasi chini.

Hippolyte akainua macho, kwa mara ya kwanza, akamtazama Afande usoni. Alimtazama kwa namna anavyotazama picha, mraba kwa mraba.

"Ndiyo maana hakufa Nakawa," akasema polepole. "Yule wa Nakawa alikuwa na sura nyingine ya kuazima. Ndiyo maana mara anaogopa maji, mara anaogelea. Ndiyo maana mkono wa kushoto. Yaya, hana sura. Hajawahi kuwa na sura. Ni majivu tu."

"Namba sita itaeleza," nikasema, na nilikuwa nakaribia kulia.

Afande aliichukua bunduki yake. Picha zake aliziacha mezani, akasema atazifuata Jumamosi pamoja na mtoto. Mlangoni akageuka, nikasubiri onyo. "Sikio," akasema, "ilikatwa na bati ya shule. Nilipanda kuiba embe. Kama mutauliza." Akaingia mvuani.

Kamis alipelekewa habari, akapiga simu analalamika kwamba wasomaji wa Katwe wameahidiwa kifo na watavunja meza ya Blandine. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baada ya saa moja alifika na bodaboda, amelowa, na karatasi ndani ya shati: alikuwa ameshachora Fundi Bati akivua bati lake la kifua, tayari kwa mpango ambao hakuwa ameambiwa vizuri. Basi wakakaa wote wawili nyuma ya pazia langu, wakasoma matoleo yote matano kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilimsikia Kamis akisema, "Kumbe ulimuua?"

Mikono ya Hippolyte ilitetemeka Alhamisi yote. Ijumaa asubuhi ilikuwa bado inatetemeka, na moto wa Mama Makala ukatoka mzuri kuliko siku zote kwa sababu hiyo. Saa sita kasoro nilipeleka kurasa mwenyewe kwa mpiga chapa, nimezikumbatia kifuani. Nilirudi nikalala chali kwenye benchi la wateja nikiwa na viatu.

Jumamosi watu walijaa kwenye meza ya Blandine tangu asubuhi. Vijana wa Katwe walikuja kundi zima. Mimi na Hippolyte tulisimama nyuma ya mwuza rolex, zile chapati za kukunja na mayai, kikaango chake kikitufukizia mafuta, tukiangalia njia ya kutokea kambini. Mfukoni nilikuwa na bahasha ya picha. Sikuwa nimekula. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nani nitampigia simu wakimchukua, na blanketi lipi atahitaji, na jinsi nitakavyowaambia nyumbani.

Walikuja kwa miguu. Yeye alivaa shati la mistari, bila bunduki, na kitoto kilitembea upande wake kwa umbali wa hatua mbili, mkono umeshika ncha tu ya shati, kama mtu asiyejua anataka kushika au kuachia. Watu wakampisha. Mmoja kati ya wale vijana akasema "Majivu" kwa sauti ya chini, na yule mtoto akainamisha kichwa.

Afande akanunua namba sita, akampa bintiye. Akwero akakaa kwenye kreti la soda na kuifungua juu ya magoti. Alikuwa msomaji wa kidole, anafuata maneno yangu moja moja. Kurasa za Kamis zilikuwa mbaya kama tulivyojua: Kanali anachoma karakana, Kanali anacheka, Kanali na sikio lake. Mara mbili mtoto alisita akafunga kitabu, na mara mbili babake akachuchumaa mbele yake akasubiri. Hakumlazimisha.

Nilijua kinachokuja, nimekiandika mwenyewe, na bado niliogopa.

Ukurasa wa tisa, Mama Makala na Fundi Bati wamembana Kanali katikati ya soko la Nakawa, viganja vinawaka, umati unapiga kelele auawe. Ukurasa wa kumi, mvua inaanza, na watu wanafungua njia, kwa sababu kuna mtu anakuja kwa miguu, polisi wa kawaida, buti zina matope. Sura ni ile ile. Sikio ni lile lile. Kisanduku kizima ni macho yake tu. Halafu anasema: "Nimefuata sura yangu."

Akwero akairudia sentensi hiyo kwa sauti. Vijana wa Katwe, waliokuwa wanasoma nakala zao, wakainua vichwa.

Na ndipo Kanali anaanza kumomonyoka. Mvua inamwondoa shavu la kuiba, pua ya kuiba, anajaribu kuvaa sura ya mchuuzi, ya padri, ya mama mwenye mtoto, zote za kopo langu, na kila mmoja anajitokeza kwenye umati na kusema, "Hiyo ni yangu." Mwisho linabaki rundo la majivu lenye kofia. Mama Makala, ambaye maisha yake yote ameuza makaa na hajawahi kuogopa majivu, anaita wanawake wa soko, wanakuja na fagio. Fundi Bati anakunja bati lake la kifua kuwa beleshi. Wanamzoa Kanali, wanamwaga kwenye mtaro, na mwuza nyanya anasema, "Sasa tupishe, tunauza." Hapo kijana mmoja wa Katwe akacheka, na kicheko kikazunguka meza nzima, watu wakapigana viganja. Nilimsikia mmoja akimweleza mwenzake, kwa majigambo, kwamba yeye alishajua tangu ule mkono wa kushoto.

Akwero hakucheka. Alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, ambao hauna maneno, maana niligoma kuandika. Polisi yuko nyumbani, amevua buti, na kuna sahani mbili mezani.

Mtoto akafunga kitabu. Akamtazama babake, aliyekuwa bado amechuchumaa. Akwero akanyoosha mkono, akamshika shavu, akalivuta. Akalivuta tena, kama anayejaribu kama gundi imekauka. Likabaki palepale.

"Wamekurudishia?" akauliza.

"Wamerudisha."

"Yote?"

Afande Okwera akageuza kichwa na kumpa upande wa kushoto. Akwero akapitisha kidole pale ncha ilipokatika, taratibu, mpaka mwisho.

"Hata sikio," akasema, akamkumbatia shingo.

Nilitoa bahasha nikaiweka mkononi mwake. Akaifungua, akahesabu picha tatu, akauliza ya nne iko wapi, ile yenye mistari. Nikamwambia imeharibika, Afande, haifai tena. Akasema hata hivyo ni yake. Nikaitoa kwenye pochi yangu nikampa, naye akasema atamwambia mkubwa wake hakuna faili. Kisha nikageuka ili nimwambie Hippolyte aje amwamkie mwenye sura, na nikamkuta ameshakuja, amesimama karibu yangu na mikono yake miwili imenyooshwa mbele kumwamkia, bado inatetemeka, anasubiri mtu aipokee.